Baba Ochieng', Acha Kunyoosha Vidole Ndotoni

Baba Ochieng',

Huna haya! Mtu amezikwa vizuri, na suti yake ya kijivu, na kofia yake kifuani kama alivyotaka, watu wamekula wakashiba, halafu hatulii. Unarudi kuzurura kwenye ndoto za watu. Kama una jambo, si ungekuja kwangu? Mimi najua kukuuliza mpaka useme. Lakini hapana, umekwenda kwa Ochieng', mwanao ambaye kichwa chake ni chako kitupu, umesimama mbele yake na kofia, umemnyooshea vidole viwili, halafu saba, halafu vinne, ukaondoka bila hata kusalimu. Sasa angalia ulichofanya.

Barua hii naiandika mwenyewe. Darasa la tatu ndilo nililoishia, unajua, kwa hivyo msomi akiona kosa alimeze. Jioni nitakuja kuisomea hapo kaburini kwako, kwa sauti. Majirani wakisikia, wasikie. Hakuna kitu chako wasichokijua.

Mwanao ameamka na ile ndoto akapiga kelele nyumba nzima: "Mama, Mzee ameleta namba! Mzee ameleta jakpoti!" Amechora mkono wako kwenye karatasi. Amekwenda nayo kwenye kile kiduka chake cha fotokopi huko Maseno, akatoa nakala. Sasa ukoo mzima una vidole vyako ukutani. Wengine wanacheza mbili, saba, nne. Wengine wanasema marehemu huongea kinyume, kwa hivyo ni nne, saba, mbili. Binamu yako mmoja amejumlisha zote, amepata kumi na tatu, amekasirika kwa sababu kumi na tatu ni namba mbaya. Hakuna aliyeshinda hata sabuni.

Haya yote yalianza na wewe. Nani alimfundisha yule mtoto kwamba namba hutembea kama kuku na vifaranga? Ndivyo ulivyokuwa unaniambia mimi, binti wa Uyoma: "Nyar Uyoma, angalia, tatu imetoka. Kumi na tatu iko karibu. Ishirini na tatu inakuja nyuma." Ulikaa pale mlangoni na redio sikioni, ukingoja vifaranga. Vikitoka vifaranga vya kuku mwingine, ulisema mchezo umeharibiwa. Na ile namba ambayo haijatoka siku nyingi uliihurumia kama mgonjwa. Ulisema imechoka kukaa ndani, lazima itoke. Nikakuuliza, kwani mipira ile inajua jana nani alitoka? Ina kinyongo? Ukaniambia wanawake hawaelewi hesabu. Na samaki wangu nilikuwa nauza kwa nini, kwa nyimbo?

Tukisema nyimbo, sijasahau kanisa. Wazee walikupa kazi rahisi: kupanga namba za nyimbo kwenye ule ubao wa mbele. Mchungaji anakutajia, wewe unaweka. Mtoto angeweza. Lakini siku ya harusi ya binti wa mchungaji ukaona namba aliyokutajia ilishatoka Jumapili iliyopita, ukaamua haiwezi kutoka mara mbili mfululizo, ukaweka nyingine iliyokuwa imechoka kukaa ndani. Bibi harusi anaingia na shela lake jeupe, kanisa zima linasimama, linaimba wimbo wa kushusha jeneza! Wale mama wazee wa nyuma walianza kulia kwa mazoea. Mchungaji akakuita nje: "Mzee, nini hii?" Wewe ukamjibu, "Mchungaji, huo wimbo ulikuwa na deni." Nilikaa pale na kofia yako mapajani, natafuta shimo la kuingia.

Na mimi mwenyewe? Si uliniokota kwa namba? Ulikuwa dereva wa lori la samaki, umeegesha pale Luanda Kotieno, feri imefika kutoka Mbita, na wewe umeapa moyoni kwamba atakayeshuka wa saba ndiye mkeo. Ukahesabu kwa vidole. Nikashuka mimi na karai langu kichwani. Miaka mingapi nimejivuna kwamba mimi ni namba saba! Mpaka siku tunamsindikiza binti yetu kwa mumewe, umeshiba, umefurahi, ukaropoka kwamba mbele yangu alishuka mbuzi, na mbuzi ulimhesabu. Baba Ochieng'! Bila yule mbuzi mimi ni wa sita, na wa saba ni yule mzee aliyekuwa nyuma yangu na baiskeli. Ndoa yetu yote imesimama juu ya mbuzi wa wenyewe.

Basi nirudi kwa hili lililoniwasha. Akoth, mke wa Ochieng', amejifungua mtoto wa kiume. Wamemleta nyumbani. Mtoto mzuri, masikio yako. Lakini analia. Analia asubuhi, analia akinyonya, analia kama mtu aliyenyimwa haki yake. Na wewe unajua desturi yetu. Marehemu akija ndotoni wakati nyumba ina mtoto mchanga, hajaja kupiga gumzo. Anataka jina. Na mtoto akilia hivyo, tunamwitia majina ya waliotangulia, moja moja, na lile linalomnyamazisha ndilo lake. Kila mtu hapa kijijini anajua. Ila mwanao. Yeye ameota baba yake mzazi amesimama na kofia, mtoto analia chumba cha pili, na kitu alichofikiria ni jakpoti.

Tukaita jina la mjomba wa Akoth, mtoto akalia zaidi. Tukaita la baba yako, akanitapikia. Lako hakuna aliyethubutu, kwa sababu Ochieng' alikataza. "Mama, Mzee yuko kazini, msimsumbue." Jana nikachoka. Nikambeba, nikatoka naye uani, nikaita, "Okumu!"

Kimya. Kimya mpaka nikasikia kuku wakidonoa. Akaniangalia kwa yale macho yako ya kuniomba chai ya pili. Machozi yalikuwa yananijia, naapa. Halafu mtoto akafungua kiganja, kama watoto wote wanavyofungua.

"Tano!" Ochieng' akaruka kutoka kwenye kiti. "Mama, ameonyesha tano! Ndiyo namba iliyokosekana, ndiyo maana hatujashinda!"

Akoth akanigeukia taratibu: "Mama, huyu mtu mlimtoa wapi?"

Nikamwambia, "Kwenye feri, mwanangu. Nyuma ya mbuzi."

Lakini kicheko kiliisha hapo. Ochieng' anasema Mzee amekuja kwa kazi mbili, jina na namba. Na kwa kuwa hajui namba azipange vipi, anataka kununua tiketi za kila mpango. Kwa hivyo kesho, siku ya soko, anampeleka ng'ombe wetu mwekundu Awasi kumuuza. Kamba tayari ameifunga. Nimemkatalia, akanijibu kwa adabu, na hiyo ndiyo iliyonimaliza: "Mama, ng'ombe ni wa Mzee, na namba ni za Mzee. Mimi na wewe tutamkataza kama nani?" Na maziwa anayokunywa Akoth ili mtoto anyonye yanatoka kwa ng'ombe huyo huyo.

Nimekaa na hayo maneno tangu jana. Leo nikichambua mboga nikakumbuka siku ulipokuja kwa baba yangu kunichumbia. Baba akakuuliza, "Kijana, unaitwa nani, na unataka nini hapa?" Ukaanza kuhesabu vidole. Viwili, saba, vinne, sijui vingapi, mpaka mjomba akanong'ona, "Huyu bwana ni bubu?" Ulikuwa hivyo hivyo ukiwa na neno zito. Siku ulipotaka kuniomba msamaha wa ile harusi ulihesabu mpaka chai ikapoa. Vidole vyako vilikuwa vinatembea huku mdomo unatafuta njia.

Wewe hukuleta namba yoyote, mzee wangu. Ulikuja kuomba mjukuu aitwe jina lako, ukaona haya. Mpaka huko uliko bado unaona haya!

Jina umepewa. Nimelitamka mimi, na mtoto amelipokea, amelala hapa karibu nami huku mdomo wazi kama wako. Sikulinyima hata siku moja neno zuri, jina hilo, ingawa nililigombeza sana. Nalikosa likiitika ndani ya nyumba. Sasa litaitika tena.

Kwa hivyo sikiliza. Usiku huu, kabla jogoo hajamwamsha Ochieng' na kamba yake, nenda kwake mara moja ya mwisho. Vaa kofia, akujue. Fungua mdomo, umwambie ng'ombe abaki zizini, kisha geuka ulale. Na mikono, Baba Ochieng', yote miwili, iweke mfukoni!

Mimi mkeo,
Nyar Uyoma, niliyeshuka nyuma ya mbuzi.