Mgeni Ale Kwanza

Kalemie, Jumapili, baada ya ibada

Kwako Mama, uliyelala kule juu kando ya Papa,

Ninakuandikia nikiwa jikoni kwako, juu ya ile meza ndogo uliyokuwa ukitengenezea samaki, kwa sababu nikikaa sebuleni nitaonekana dirishani. Nyuma ya ukuta huu kuna mwanamke anaosha sufuria yako kubwa. Alishuka kwenye boti ya kaskazini siku ya Alhamisi, mtoto mchanga mgongoni, akauliza watu wa pwani njia ya kwenda kwa Mama Feza. Wakamwonyesha. Hakuna aliyemwambia kwamba haupo tena. Nilipofungua mlango nikasema, "Mama Feza alishakufa. Mimi njo Feza." Akanipa pole, kisha akabaki amesimama palepale, maana hakuwa ametajiwa nyumba nyingine.

Leo, watu wakitoka kanisani, shefu wa kartie, mtaa wetu, alipanda juu ya benchi akatangaza kwamba atapita na askari nyumba kwa nyumba kuangalia wageni. Vita ya kaskazini inateremka na ziwa, na kuna watu wanaotafutwa kwa sababu ya kabila lao tu. Waliopatikana kartie ya pili walipakiwa kwenye kamio, lori la jeshi. Hatujawaona tena.

Unajua tabia yangu ya kuandika kila jioni tarehe na mambo ya siku katika daftari langu. Leo nimeandika tarehe, nikashindwa kuendelea. Naogopa, Mama. Naogopa hata kukohoa. Basi nimekuja kwako.

Ninakukumbuka kwanza ukitoka alfajiri na beseni kichwani, kwenda kuwapokea wavuvi. Ulichagua ndagala, dagaa wetu wa ziwa, kwa macho, hukuzigusa, na ukisema bei umesema. Ulizianika mchangani, ukaketi na fimbo kufukuza kuku na kunguru mpaka jua likukaushe na wewe pia. Mara moja kwa juma uliingia treni ya Nyunzu na magunia yako, ukarudi na mahindi, karanga, na miguu imevimba. Nguo zetu zote za shule zilinuka ndagala. Siku nilipolia kwa sababu wenzangu walinicheka, ulinusa kola ya shati langu, ukasema, "Harufu hii njo inakulipia minerval ya masomo. Waambie na wao wanuse daftari yako."

Na usiku huohuo, miguu yako bado imevimba, kulikuwa na wageni watano barazani.

Sikumbuki siku ambayo nyumba hii ilikuwa yetu peke yetu. Wachuuzi wa ziwa, wavuvi wa kaskazini waliosali kabla ya kula mpaka chakula kikapoa, mama mmoja wa Pepa aliyekuja kuuza maziwa akakaa mpaka akazaa. Sisi watoto tulilala miguu na vichwa kama samaki kwenye kikapu. Papa, ambaye kutwa nzima alikuwa kwenye gare, stesheni yetu, akipokea magari ya treni, alirudi jioni moja akakuta mtu asiyemjua amekalia kiti chake. Akakuita pembeni, lakini sote tulisikia.

"Mama Feza, hii ni nyumba ao ni gare?"

"Gare inaomba tiketi," ulimjibu. "Enda unawe mikono."

Akaenda akanawa. Akala ameketi juu ya ndoo.

Ulikuwa na utaratibu wako, na hukuruhusu mtu auvunje. Mgeni alipofika alipewa maji ya kuoga. Kisha bugali na samaki, na hata kama samaki walikuwa wawili, mmoja alikuwa wake. Kisha mkeka. Jina lake hukuliuliza mpaka asubuhi, chai ikiwa mkononi mwake. Mtoto aliyetangulia kuuliza alipata kofi. Nilidhani ni adabu tu, kama vile kumpa mtu kikombe kwa mikono miwili.

Halafu ulikuja ule mwaka wa waasi wa milimani, nikiwa darasa la tano. Kila mvuvi wa kaskazini alishukiwa kuwa ni mtu wao. Kulikuwa na mmoja kwetu, pamoja na mke wake, waliofika asubuhi ile wakiwa wamelowa. Walikuwa wanakula wakati askari watatu walipoingia uani. Wewe ulikuwa umeketi chini, ukitoa mchanga kwenye ndagala. Hukuinuka.

"Mama sitwayeni, hawa ni nani?" akauliza mkubwa wao.

"Ni wageni."

"Majina yao?"

"Sijawauliza. Hawajamaliza kula."

"Unalaza bantu haujue majina?"

"Hata wewe, Papa, ukikaa hapa nitakupa bugali kwanza, mbele ya kukuuliza jina yako."

Wale wawili wadogo wakacheka. Walikuwa na njaa, ilionekana shingoni mwao. Serikali ilikuwa imesahau kuwalipa siku nyingi. Mmoja akaweka bunduki ukutani, akaketi. Wakala wote watatu kwenye sinia moja na yule mvuvi, ambaye tonge lilimwanguka, na askari aliyekuwa karibu naye akaliokota akamrudishia. Wakaondoka na gunia lako zima la ndagala. Uliwasindikiza mpaka njiani, ukawaambia waende salama.

Kisha ukaenda nyuma ya nyumba kutafuta kuni, ukakawia. Nikakufuata. Nilikukuta umeketi mchangani, miguu umeinyoosha, kikwembe chako kimelowa, na hayakuwa maji ya ziwa. Nisamehe nikiliandika hili. Nimelificha muda wote, na leo ninalihitaji.

"Leta maji," ulisema. "Usimwambie Papa."

"Mama, uliogopa?"

"Leta maji, Feza."

Miaka ilipita kabla hujanijibu. Nilikuwa nimeshapata diploma, tumeketi sisi wawili tukichambua mchele, nikakuuliza tena. Ulicheka kidogo, halafu ukasema bila kuniangalia: "Mimi ni muntu wa woga. Muntu akinipigia kelele moja, ninasema yote, mupaka ya jirani. Ningejua jina ya ule muvuvi ningelisema. Ndiyo maana siulizi. Kama sijui, watanitoa nini?"

Nilishangaa, kwa sababu mtaa mzima ulikuita mama asiyeogopa. Wewe ulijijua. Ulijua mahali ambapo ungevunjika, ukajenga nyumba yako yote kuzunguka mahali hapo, na watu wakapona ndani yake.

Sasa sikia nilichofanya Alhamisi.

Unajua kazi yangu bandarini. Kutwa niko dirishani pa biro nikiandikisha abiria: jina, jina la baba, unatoka wapi, mzigo gani, wa pili aje. Kinywa changu kimezoea. Mwanamke yule alikuwa bado hajafungua kitambaa cha mtoto, na mimi nilikuwa nimeshamuuliza: "Unaitwa nani?" Alikuwa amechoka sana, Mama. Hakuwa na nguvu ya kufikiri. Alinitajia jina lake, la baba yake na la kijiji chao, kwa pumzi moja, kama watu wanavyonijibu dirishani. Nilipolisikia tu nilijua ni katika wale wanaotafutwa.

Nafikiri aliona uso wangu. Aliuliza taratibu, "Mama, niende?"

Nikasema, "Ingia. Oga, ule."

Nikampa yote kama ulivyokuwa ukitoa, maji, samaki, mkeka wako. Lakini jina lilikuwa limeshaingia ndani yangu. Nimekaa nalo siku hizi kama mwiba wa samaki kooni. Baba Neema, mume wangu, yuko Nyunzu na treni iliyokwama, na kabla ya kuondoka alinipa neno moja: nisimfungulie mtu. Neema na mdogo wake nimewapeleka kwa shangazi yao. Na mimi ni mwana wako kweli. Mtu akinipigia kelele, nitasema yote.

Nasikia mbwa wa jirani. Naacha hapa.

Wameondoka. Nimerudi mezani kwako.

Walikuwa shefu na askari wawili. Yule mwanamke nilikuwa nimemwekea sahani mapema, akaketi mlangoni pa jikoni akila. Nilijaribu njia yako. Askari alipouliza huyu nani, nilisema ni mgeni, na jina lake sijamuuliza.

Shefu akacheka. "Wewe, Feza? Wewe unayeandika mupaka jina ya mbuzi kule bandari?"

Askari hawakucheka. Yule mrefu akanisogelea, akapaza sauti: "Jina."

Na hapo, Mama, ndipo nilipopajua mahali pangu pa kuvunjikia. Lile jina lake la kweli lilikuwa limefika kwenye meno. Nilifungua mdomo nikiwa sijui ni lipi litatoka.

"Sangwa," nikasema. "Sangwa, binti Kisimba. Ni wa kwa mama yangu."

Nimempa jina lako. Tangu nizaliwe uliitwa kwa jina langu, na wengi wa mtaa huu hawajui kwamba ulikuwa na lingine. Limeandikwa mahali pamoja tu, kwenye msalaba wa kaburi lako. Lakini shefu ni mmoja wa waliousimika msalaba ule. Alishika mti wakati fundi akishindilia udongo, maandishi yakiwa mbele ya uso wake. Alinitazama.

"Karata yake ya utambulisho iko wapi?" akauliza askari.

"Boti iliingia maji. Vitu vyake vyote vimepotea."

Akamgeukia yeye. "Wewe, sema mwenyewe. Unaitwa nani?"

Mdomo wake ulikuwa umejaa bugali. Macho yake yalinitafuta. Angejibu, lafudhi yake tu ingetosha.

"Mwache akule," shefu akasema. "Kwa Mama Feza muntu akiwa anakula haulizwe. Mimi nimekua nikikula hapa, najua desturi yao."

Askari mrefu akatema mate chini. Wakatazama chini ya kitanda, wakachukua redio ya Baba Neema, wakatoka. Shefu alikuwa wa mwisho. Mlangoni akageuka, akaongea kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Jioni nitarudi. Unipikie sombe ya majani ya muhogo, kama ya marehemu."

"Utakuja peke yako, Papa?"

"Wewe pika tu."

Nimeyarudia maneno yale kichwani kama karani anayehesabu magunia yasiyolingana. Alikula kwako tangu akiwa mdogo. Ulimfunika kwa kikwembe chako alipougua malaria. Lakini askari nao wanamwuliza majina, na ana watoto. Pengine anarudi kula. Pengine anarudi baada ya kufikiri, na askari nyuma yake.

Boti ya Kigoma haiondoki kabla ya kesho. Njia ya treni imefungwa. Nimemweleza mgeni kila kitu, naye akaniuliza maana ya Sangwa. Nikamwambia ni wewe. Ameanza kulisema polepole, huku akimnyonyesha mtoto, ili wakimwita ageuke upesi. Ninamsikia sasa hivi. Halitamki vizuri, analibana mwishoni. Nimemsahihisha mara mbili kupitia ukuta.

Zamani nilidhani siku moja nitakuwa kama wewe woga utakapoisha. Haujaisha. Uko hapa, mkubwa kuliko mimi, na kikwembe changu bado kikavu kwa neema tu.

Jua limeanza kuelekea milimani. Nimetwanga majani, nimeweka mawese. Nimetoa sahani nne, kwa kuwa sijui watakuja wangapi. Endelea kulala, Mama. Mlango nimeuacha wazi. Ukifungwa shefu ataona kwamba ninaogopa.

Mimi mwanao wa kwanza, ambaye kwa jina langu walikuita,

Feza