Anindita wa Siliguri na mpira wangu wa polepole

Brussels, Saint-Josse, Jumapili ya tatu ya mwezi wa tatu, mwaka wa thelathini na mbili tangu niondoke Likasi, huko Kongo.

Yaya Ngalula, dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Goti linaendeleaje? Binti yako aliniambia kwa simu kwamba umeanza tena kupanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono. Nilifurahi, ingawa nakujua: unaweza kuwa ulikaa pembeni yake ukimwambia aseme hivyo. Mimi ni mzima. Presha ipo pale pale, dawa nameza kila asubuhi, na mwaka huu baridi haikunilaza hata siku moja.

Barua yako iko hapa mezani. Swali lako ni moja, na umeliandika bila kuzunguka, kama kawaida yako. Tangu shemeji afariki chumba cha nyuma kiko wazi, mwalimu mmoja anataka kukipanga, nawe hutaki kumjibu kabla hujajua kama ndugu yako anarudi au harudi. "Albert, una miaka sabini na moja. Unangoja nini huko?" Ungeniuliza mwaka jana, ningekujibu vile nilivyojibu kila mara: tutaona, tuombe Mungu, mvua zikiisha. Safari hii ninalo jibu. Lakini limenifikia kupitia kwa mwanamke mmoja Mhindi anayecheza ping-pong, kwa hiyo nivumilie nikupe habari zake kwanza.

Unajua kwamba Jumanne na Alhamisi alasiri naenda klabu. Ni ukumbi wa chini wa shule moja ya mtaa wetu, meza nane, harufu ya raba na kahawa. Ufunguo ninao mimi, maana wazee wenzangu husahau. Hapa Ubelgiji kila mchezaji ana daraja lake lililoandikwa, herufi na namba, kuanzia A ya mabingwa hadi E. Mimi ni E6. Chini yangu wapo wale tu walioanza juzi. Katika mashindano ya madaraja ya chini mzee wa miaka themanini anaweza kupangwa na binti wa miaka kumi, akashindwa, akampa mkono, wakaenda kunywa kila mtu chake. Mwanzoni jambo hilo lilinishangaza. Sasa nalipenda.

Anindita alifika miaka miwili iliyopita. Ana miaka thelathini na saba, mfupi, mwenye mabega mapana, na hutembea kama mtu aliyechelewa. Kwao ni Siliguri, mji ulio chini ya milima kaskazini mwa Bengali. Anasema huko ping-pong imeenea mitaani kama kwaya zilivyoenea katika parokia zetu. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Alianza kucheza akiwa na miaka saba, amesimama juu ya sanduku la chai ili aone ng'ambo ya wavu. Alipotimiza kumi na miwili wazazi walimpeleka akaishi kwa mwalimu wake katika mji mwingine, acheze kabla ya shule na baada ya shule. Akawa bingwa wa wasichana wa jimbo lao. Akiwa na miaka kumi na tisa, shirika la reli likamwajiri.

Hapo ndipo nilipoweka kikombe chini, yaya. Huko kwao reli huajiri wachezaji! Kwenye karatasi Anindita ni karani wa tiketi, lakini dirishani amekaa siku za kuhesabika. Kazi yake hasa ilikuwa kucheza kwa jina la reli: siku mbili ndani ya behewa, mashindano, siku mbili za kurudi. Nikamwambia kwamba baba yetu naye alikuwa mtu wa reli, fundi wa breki, na kwamba foyer, ule ukumbi wa burudani wa wafanyakazi wa Likasi, ilikuwa na meza moja yenye wavu wa chandarua. Nikamweleza habari zako pia, jinsi ulivyowashinda wanaume wote pale, hata mkuu wa stesheni, mpaka mama akasema msichana aliyekwisha kuposwa hawezi kurukaruka mbele ya watu.

"Na wewe ulichezaje?" akaniuliza.

Nikasema mimi nilikuwa ukuta wako. Ulipiga, nilirudisha. Sikujifunza kitu kingine.

Yeye aliwahi kuchezea timu ya taifa, si mara nyingi, na zaidi katika mchezo wa wawili kwa wawili. Kisha bega likaharibika, akapasuliwa, na alipopona wasichana wadogo walikuwa wamekwisha kuchukua nafasi. "Hakuna aliyenifukuza, papa," aliniambia. "Jina langu tu halikuwepo tena kwenye orodha." Ndipo akaomba likizo ndefu huko reli, akaja kuchezea timu yetu ya wanawake. Anakaa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, karibu na stesheni ya Nord, na anasema mlio wa treni humsaidia kupata usingizi.

Basi, mwaka huu alikuwa na tatizo, na tatizo hilo lilikuwa na jina: Solange. Ni mpishi wa shule upande wa Namur, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mpole, mwenye miwani. Upande mmoja wa raketi yake una vipele virefu vya mpira. Piga kwa nguvu zako zote, mpira ukigusa vipele hivyo unakurudia umekufa, hauna mzunguko, unaelea, na mkono wako uliozoea kasi unaupiga kabla haujafika. Anindita alikuwa amekwisha kushindwa naye mara mbili. Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa dhidi ya timu ya huyo huyo Solange. Tungepoteza, wanawake wetu wangeshuka daraja, na klabu isingekuwa na sababu ya kumwombea Anindita kibali kingine cha kukaa.

Alhamisi moja ya Januari aliingia mapema akanikuta nacheza na mzee mwenzangu. Nilikuwa na raketi ya zamani, mbao iliyobandikwa vipele vifupi tu, bila sponji, niliyoiokota katika soko la vitu vilivyotumika kwa kuwa ilifanana na ile ya foyer. Katika mashindano ya leo hairuhusiwi, maana haina alama ya shirikisho. Ni ya kujifurahisha tu.

"Papa Albert, simama hapo hapo. Piga kwangu."

Nikapiga. Akarudisha kwa nguvu, mpira ukatoka nje. Akaomba mwingine, nao ukatoka nje. Akaanza kucheka. "Tena, papa! Tena!"

Maman Wivine, mtu wa Lubumbashi anayeshika kaunta ya kahawa, alikuwa anatutazama huku anafuta vikombe. "Ee papa, weye unamutesa mwana wa bantu na ile kipande ya mbao! Mupira yako inakuya polepole kama muntu anatoka ku deuil, ku kilio."

"Njo ile, ndiyo anatafuta, maman," nikamjibu.

"Njo ile? Bon. Basi shiye bote tulikuwa ba champions, na hatukujua!"

Tangu siku hiyo tulifanya mazoezi mara tatu kwa wiki. Yeye alipiga, mimi nilirudisha, sawasawa kama zamani, isipokuwa yeye husema asante. Kati ya mpira na mpira tulizungumza. Mwezi wa pili alinionyesha barua kutoka reli: aripoti kazini kabla ya mwezi wa sita kwisha, la sivyo nafasi yake inafungwa. Nilimwambia arudi. Nilisema kama wazee wanavyosema, kwamba mama yake yupo, kwamba huko ndiko kwao, kwamba ugenini ni kupita tu. Maneno hayo yalinitoka kwa urahisi sana, kwa sababu nimeyasema katika harusi na misiba ya Brussels nzima.

Alinisikiliza akidundisha mpira mezani. "Labda nitarudi," akasema. "Lakini sitaki kusukumwa. Tukishuka daraja, hapa nitakuwa nimetolewa na kule nimeitwa, na mimi mwenyewe sijaamua kitu. Nataka kwanza niweze kukaa, halafu nichague. Wewe, papa, ulichagua?"

"Mimi nilipandishwa treni," nikasema.

Wewe unakumbuka. Wakubwa wa jimbo walipotuambia sisi wenye asili ya Kasai, hata tuliozaliwa Likasi, kwamba tuondoke, wewe ulibaki kwa sababu ya ukoo wa mume wako. Mimi nilikaa wiki tatu kwenye ukuta wa stesheni aliyoifanyia kazi baba, nikingoja behewa la kwenda Kasai, kabla sijafika huku Ulaya. Ulituletea ugali kila siku ukipita nyuma, kwenye karakana. Hilo sikumwambia Anindita. Nilipiga mpira, naye akaurudisha.

Mechi ilikuwa Jumamosi ya jana, alasiri. Sasa ucheke, yaya. Kabla ya Solange, Anindita alipangwa na msichana mmoja wa daraja la chini, mtu ambaye siku zote angemmaliza kahawa ikiwa bado moto. Akashindwa, seti tatu kwa sifuri! Niliona kosa letu kwa macho yangu. Wiki kumi nimemzoesha mpira wa polepole, na sasa mkono wake ulikuwa unangoja. Mpira wa kawaida ulikuwa umekwisha kupita.

Maman Wivine alishika kichwa. "Papa, umemulalisha mutoto! Alikuya apa na moto, weye ukamumwangia maji!"

Nilitamani kwenda zangu nje. Nilimfuata kwenye benchi kumwomba msamaha, naye akanitazama huku anajifuta jasho. "Usiseme kitu, papa. Mkono wangu unakungoja wewe. Uache ungoje. Sasa anakuja Solange."

Seti mbili za kwanza walichukua moja moja. Ya tatu akachukua Solange, ya nne Anindita. Katika ya tano sikuweza kukaa. Nilisimama nyuma ya kizuizi, na kila Solange alipourudisha ule mpira mfu, mguu wangu ulisogea wenyewe. Anindita aliungoja. Aliuacha upande juu, ukae, uanze kushuka, ndipo akapiga, na kila mara Solange alitikisa kichwa kama mtu aliyekuta mlango wake umefunguliwa. "Neuf-neuf," akasema aliyehesabu, tisa kwa tisa. Kisha "dix-neuf", kumi zetu kwa tisa zao. Kisha maman Wivine akapiga kelele ambayo nadhani uliisikia huko. Pointi hiyo ndiyo iliyotubakiza kwenye daraja letu.

Solange alikuja kuniomba aione raketi yangu. Aliishika kwa vidole viwili, akasema hata yeye alianza na ya namna hiyo, kwa mjomba wake, juu ya meza ya kulia.

Anindita alisubiri watu wapungue. "Sasa naweza kukaa," akaniambia. "Kwa hiyo nimechagua. Narudi. Nitafundisha katika klabu niliyoanzia. Wana meza sita na mwalimu mmoja mchovu." Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza saa, "Na wewe, papa, unachagua nini?"

Kabla sijafungua mdomo maman Wivine akaingilia: "Huyu? Aende wapi? Mardi iko na ba maman wane banamungojea na mupira yake ya deuil!" Ni kweli. Kamati imeniomba niwe napiga na wanawake wetu kila Jumanne. Katika miaka sabini na moja nimepata kazi ambayo hakuna mwingine wa kuifanya.

Asubuhi hii, baada ya misa, nilikaa na swali lako na la kwake pamoja. Anindita anajua meza anayorudia na watu watakaosimama mbele yake. Mimi nikisema Likasi naona baba akivua kofia mlangoni, naona wewe ukirusha mpira juu ukiwa na kanda nyekundu kichwani. Hayo hayako katika chumba cha nyuma. Binti yangu yuko Uccle, hapa hapa Brussels, anauguza wazee, na kila Jumapili anakuja kula kwangu. Watu wanaonijua jina langu na udhaifu wangu wako mitaa hii.

Kwa hiyo mpe mwalimu chumba, usimngojeshe tena. Mwezi wa nane nitakuja kukuona, wiki tatu, kwa mara ya kwanza. Nitalala kwenye kochi, na unipikie kama mgeni.

Msalimie binti yako anayenipigia simu, na mume wake fundi wa magari. Msalimie shangazi aliyebaki, mwambie sala zake zinafika. Msalimie katekista, na jirani yako anayekuchotea maji siku ambazo goti linakataa. Mwambie na mwalimu kwamba bomba la uani hufunguka kwa kusukumwa kushoto.

Usilie, yaya, na usifikiri ni hasira. Walionitoa Likasi waliamua badala yangu siku ile, na mimi kwa miaka thelathini na mbili nikaendelea kuwaachia uamuzi, nikisema tutaona. Leo naamua mwenyewe, nikiwa na akili zangu na moyo mtulivu. Kukutembelea nitakuja. Kurudi kuishi, sitarudi.

Mdogo wako,
Albert