Farasi wa Kiarabu na Punda Wetu Kairu

Kwa mama yangu Grace Marigu,
Siakago.

Maitu,

Nakusalimu katika jina la Bwana, na kabla sijaenda mbali nataka kujua goti lako la kushoto linasemaje. Mvua imefika, au bado mnaangalia mawingu yakipita juu yenu kwenda kunyeshea watu wa Embu, kama kawaida yao? Ndengu zimetoa maua? Mimi mwili ni mzima. Joto la hapa Sharjah limeanza kupungua, sasa ukitoka nje adhuhuri unaona ni Siakago ya Februari, si tanuri. Kwa hivyo upande wa mwili usiwe na wasiwasi. Ni ule upande mwingine umenifanya nishike kalamu.

Anayekuletea barua hii ni Murithi, yule kijana wa Nkubu ninayefanya naye kazi. Anakuja likizo, na nimemwambia akupe mkononi. Ningepiga simu, lakini wewe simu unaiweka sauti ya juu na nusu ya soko inasikia. Haya nataka uyasome peke yako, polepole, vile unavyosoma masomo ya kina mama kanisani. Ukimaliza unaweza kumwambia ndugu yangu Njeru, au uache. Yeye ndiye alipelekwa sekondari, mimi nikabaki na punda. Mengine yote tuligawana vibaya, basi na aibu hii acha iwe yangu peke yangu.

Unajua nilivyofika hapa. Hakuna aliyenishika mkono. Nilikuja kuzoa mavi ya farasi. Nikazoa, nikatazama, nikauliza, nikatukanwa, nikauliza tena, na leo mimi ndiye msimamizi wa zizi zima, farasi kumi na wanne, na ufunguo wa chumba cha matandiko unakaa shingoni mwangu. Lakini tangu siku ya kwanza nimewaambia watu hapa kwamba natoka pande za Nanyuki, kwenye mashamba ya farasi. Punda sijawahi kumtaja. Unakumbuka shule ya msingi walivyokuwa wakiniita Ireri wa Punda, kwa sababu niliingia darasani na sweta inayonuka mzigo wa asubuhi? Niliapa jina hilo halitapanda ndege.

Sasa sikiliza.

Kuna mchezo hapa unaitwa dresaji. Ukiuona utacheka. Farasi hashindani mbio wala haruki kitu. Anatembea ndani ya uwanja wa mchanga kama kwaya inayoingia kanisani siku ya Pasaka: anapinda pale, anazunguka hapa, anasimama kimya, anarudi nyuma kidogo, na yule aliyempanda hatakiwi kuonekana kama anafanya lolote. Waamuzi wanapima kila mwendo, sufuri mpaka kumi. Waliouzoea ni farasi wakubwa wa Ujerumani, wenye mgongo mrefu kama benchi na hatua kama wanakanyaga mpira. Farasi wa Kiarabu ni kiumbe kingine. Ni mdogo, mgongo mfupi, shingo juu, mkia juu kama bendera ya chifu. Wengi wao wana mbavu jozi kumi na saba mahali wenzao wana kumi na nane.

Tajiri wangu, mzee mpole tu, ana binti anaitwa Maryam. Maryam ana farasi jike wa Kiarabu, Shamsa, aliyezaliwa hapa hapa nyumbani, na akili yake yote ni kumwona Shamsa kwenye dresaji. Mashindano mawili walikwenda, mara zote wakarudi na nne, nne, tatu, nne. Na maneno ya waamuzi yalikuwa yale yale: kichwa kiko juu mno, mgongo umebonyea, hana utulivu. Hata kumfunga mkanda wa tandiko tu, anageuka kukuuma.

Siku moja tajiri akaniita mbele ya wageni wake. "Ireri, niambie ukweli. Mwarabu anafaa dresaji, au tunajisumbua?"

Maitu, nilijibu kama wakili. Nikasema hafai. Nikazitaja mbavu kumi na saba. Nikasema mgongo mfupi haupindiki, shingo imepandwa juu, damu ni moto, na huyu Mungu alimuumba kuvuka jangwa, si kucheza kwaya. Nikasema auzwe, anunuliwe Mjerumani. Wageni wakatikisa vichwa kwamba huyu kijana anajua.

Maryam akaniambia, "Shamsa hana hasira. Kuna kitu anajaribu kusema."

Nikamjibu, "Farasi hasemi, binti. Anapata nne tu." Watu wakacheka. Nilijiona mkubwa. Mnunuzi akapigiwa simu aje mwisho wa mwezi.

Sasa kumbuka ile Jumamosi tuliyoongea kwa simu ya video, wewe ukiwa njiani kutoka mtoni. Nilikuwa kantini, simu iko mezani na wenzangu wanaona, na kama kawaida nilikuwa nimekuambia usimame kwenye ule ukuta mweupe wa shule ya chekechea. Kairu akaingiza kichwa. Nikasema, "Maitu, mwondoe huyo."

Ukasema, "Nimwondoe aende wapi? Wewe ulinunuliwa sare na nani?"

Nikapunguza sauti haraka kabla Murithi hajacheka. Ukaniambia ngoja nimpakie tena madumu niliyomshushia apumzike, ukaisimamisha simu juu ya jiwe, na hukujua kwamba bado nakuona. Kabla hujaweka gunia lake la mgongoni, ukapitisha kiganja kwenye mgongo wa Kairu, kutoka mabegani mpaka kiunoni, upande huu, kisha ule, huku unanieleza habari ya ndengu. Wala hukuwa unafikiria mkono. Ndivyo ulivyonifundisha kabla sijafika urefu wa fimbo ya kumswagia: punda akigoma, shika mgongo kwanza.

Mimi sikuwahi kumshika Shamsa mgongo. Tangu nipate ufunguo, kushika migongo ni kazi ya vijana. Mimi nasimama mlangoni nikitoa maoni.

Nikatoka kantini bila kumaliza chakula. Nikampitishia Shamsa kiganja. Nilipofika nyuma ya ubavu wa mwisho, alizama chini ya mkono wangu kama kitanda cha kamba, akageuza meno. Halafu akaniangalia. Lile tandiko nililichagua mimi. Lilishonwa kwa ajili ya farasi mmoja Mjerumani aliyekuwa hapa, na mimi ndiye nilisema litatosha wote wawili, ngozi ni ngozi. Nikaliweka, nikapima. Lilipita ubavu wake wa mwisho kwa vidole vinne. Vidole vinne, maitu, na mimi ndiye mtu wa kujisifu kwa hesabu! Nani atainua mgongo huku amekaliwa kwenye figo? Nilikuwa nimeshtaki ukoo mzima wa farasi kwa kosa la tandiko langu.

Nilimwambia Maryam peke yake. Hakunicheka, na hilo ndilo lilinichoma zaidi. Akamwomba baba yake mnunuzi angoje kwanza, tukampumzisha Shamsa mpaka maumivu yakaisha. Stoo nikapata tandiko la zamani, fupi na pana, na chini yake nikashona blanketi kuukuu vile wewe unavyoshona gunia la Kairu, pande mbili zimejaa na katikati kuna mfereji ili mfupa wa mgongo usiguswe.

Siwezi kukudanganya kwamba Shamsa amegeuka Mjerumani. Hatua zake ni fupi, na zile za kukanyaga mpira hatazipata maisha yake yote. Lakini ni mwepesi, anasikia upesi, ukimwambia kitu mara moja hahitaji ya pili. Siku ya mashindano alishusha shingo, mgongo ukaumuka chini ya Maryam kama andazi kwenye mafuta. Sita, sita, tano, sita, na saba ile ya kusimama. Tajiri alilia wazi wazi, mzee mzima. Mnunuzi akaambiwa asije.

Hadithi ingeisha hapo ningekuandikia kwa furaha. Lakini tajiri, Maryam alipokwisha kumweleza habari ya mgongo, akaniita tena, mbele ya wageni wale wale, Murithi akiwa ameshika hatamu kando yangu. "Ireri, nani alikufundisha kuusoma mgongo hivi?"

Mdomo ulikuwa umefunguka niseme mama. Nikaona viatu vyao, nikaona saa zao. Nikasema, "Mwalimu mmoja Mzungu, bwana. Wa Nanyuki. Alitufundisha kozi."

"Anaitwa nani?"

Nikasema, "Bi Grace."

Nilichukua jina lako la ubatizo, maitu, nikalivika ngozi ya mtu mwingine.

Murithi alingoja mpaka wageni wameenda. "Bi Grace wa Nanyuki! Na huyo Mzungu wako bado anabeba madumu?" Alicheka mpaka akaketi kwenye nyasi kavu za farasi. Kisha akasema, "Petro alikana mara tatu, lakini angalau alikuwa anaogopa kuuawa. Wewe ulikuwa unaogopa nini?"

Nikamwambia ampeleke farasi akanywe maji.

Kumbe uongo una miguu. Tajiri akataka kuongea na Bi Grace. Ana farasi wengine wanaobonyea mgongo, alitaka amlete huyo mwalimu hapa, amlipie tikiti. Kila siku ananiuliza, umempata? Nikasema amesafiri. Nikasema simu yake imepotea. Nilipiga hesabu ya kila njia. Nilimfikiria hata mke wa mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi, kwamba Kiingereza chake ni laini, angeweza kujifanya yeye. Nakuambia hilo ili ujue nilifika wapi.

Juzi hesabu ilikataa. Nilimpata tajiri kwenye zizi la Shamsa, nikamwambia yote, ukuta mweupe na Kairu na kantini. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mimi babu yangu alikuwa na punda. Hilo lisingekuondolea kitu." Kisha akasema, "Mtu anayemficha mama yake, kesho atanificha ugonjwa wa farasi wangu." Akanyoosha mkono. Nikavua ufunguo shingoni nikampa. Sasa uko kwa Maryam, na mimi nimerudi kwenye reki na toroli. Sijafukuzwa. Amesema ataamua akishaongea na wewe, wewe mwenyewe. Bado anataka ushauri wako, na ninafikiri anataka pia kuona uso wa mtu aliyefichwa.

Kwa hivyo ombi langu ni hili. Jumapili baada ya ibada atapiga kwa simu ya Murithi, na Murithi atakaa na wewe akutafsirie. Usivae ile nguo ya harusi ya Njeru. Usiende kwenye ukuta mweupe. Simama nyumbani, karibu na tangi, Kairu awe kando yako na masikio yake yote. Usinitetee. Akikuuliza kama mwanao alikuambia umwondoe punda, mjibu ndiyo, mara nyingi. Akikuuliza habari za farasi, usiseme hujui farasi, mwambie unachojua. Na kabla hujapakia madumu fanya vile unavyofanya siku zote. Murithi nimemfundisha namna ya kushika simu ili mkono wako uonekane wote.

Mimi nitakuwa nyuma ya tajiri, na reki. Utaniona.

Nisalimie Njeru na mkewe, na huyo mtoto wao ambaye sijamshika bado. Nisalimie kina mama wa kanisa, hasa yule anayekukanda goti. Baba mdogo naye msalimie, ingawa nilipomwomba anidhamini nije huku alijifanya amelala. Mwambie nimeacha kuhesabu hilo, au karibu. Kairu usimwambie chochote. Mshike tu.

Ni mimi mwanao,
Ireri wa Punda