Tulivyolala Bure Msituni Juu ya Mlima, na Shemeji Akarudi Mzima

Jumatano, Barking. Mvua ya London ya siku zote, ile isiyojua kunyesha wala kuacha. Hema langu nimelitundika kwenye kibaraza likauke, na jirani wa ghorofa ya juu kashaniuliza mara mbili kama mke kanifukuza ndani. Mtu aliyetoka nilikotoka mimi hana haja ya kujibu kila swali.

Nimerudi, shajara yangu. Nimerudi, na shemeji yangu nimerudi naye.

Hilo la pili ndilo kubwa, na ndilo nitakalolieleza leo hata kama binti yangu Salma, aliyenifungulia ukurasa huu, atasema tena kwamba naandika marefu.

Mambo yalianzia gereji ya mabasi, kazini kwangu. Kuna Mscotland mmoja pale, tunakunywa chai pamoja. Akanambia kwamba kwao, ukipanda mlimani, unapiga hema popote msituni. Hakuna geti, hakuna tiketi, hakuna mlinzi wa kukuuliza umetoka wapi na una kibali gani. Bure. Mimi niliyeulizwa kibali tangu niteremke uwanja wa ndege nilidhani ananitania. Akaapa. Ila akaniambia bure hiyo ni bure kwelikweli: choo hakuna, bomba hakuna, taa hakuna, jirani hakuna. Unakuja na chako, unaondoka na chako, na pale ulipolala pasijulikane kwamba palilaliwa.

Nikasema hiyo ndiyo saizi yangu.

Ijumaa baada ya swala sisi huwa tunakaa kwa kinyozi, hapa hapa Barking, nusu yetu hatuna hata nywele. Nikawaambia wenzangu kwamba mimi misitu ya milimani naijua kama chumba changu. Nilipokuwa kijana nilitoka Pemba nikaenda Usambara kukata mbao, nikilala chini ya miti ambayo ukianza kuizunguka asubuhi unamaliza wakati wa chakula cha mchana. Chui alikuwa akinipitia miguuni, tunasalimiana, kila mtu anakwenda na shughuli zake.

Wakacheka. Wao kazi yao kucheka.

Asiyecheka alikuwa Hamadi. Hamadi ni kaka wa mke wangu, anakaa Kilburn peke yake, ni karani wa hospitali, mtu ambaye hata soksi zake hupigwa pasi. Akisema jambo watu hulichukua kama lilivyo, kwa sababu hajawahi kuongeza wala kupunguza. Akaniangalia taratibu.

"Shemeji, mimi nakwenda na wewe," akasema. "Nataka unijulishe kwa huyo chui."

Basi pale kwa kinyozi hapakubakia mtu kwenye kiti kwa kicheko. Na mimi, mbele ya watu wale, ningesema nini? Nikamwambia afunge mzigo.

Mke wangu nilimkuta jikoni. Nilipomweleza aliweka upawa chini.

"Huyo ndiye kaka yangu niliyebakiwa naye," akasema. "Sina spea."

Nikamwambia nitamrudisha kama alivyo, na akipungua unywele mmoja nitalipa wa kwangu. Akanitazama kichwani, akaona sina cha kulipia, akarudi kwenye mchuzi wake.

Tuliendesha kwa zamu mpaka Scotland. Gari yangu ile wanayoicheka ilipanda kaskazini kama imekunywa kahawa. Asubuhi ya Jumamosi tukaiacha mwisho wa barabara, tukabeba mizigo, tukaanza kupanda. Begi langu lilikuwa na uzito wa ng'ombe na ndama wake, nami nikipanda huku nasimulia. Hamadi alikuwa nyuma, anahema tu.

Msitu wenyewe, nakwambia, ni msitu wa watu wazima. Misunobari minene, magome mekundu, chini kuvumwani, ule ukoga wa kijani wa porini, laini kama godoro jipya. Kadiri unavyopanda miti inafupika, kama imeona baridi ikaamua kukaa chini. Upepo hauvumi pale, unapita juu juu kama treni. Paa mmoja mwenye pembe alikatiza mbele yetu, mkubwa kama basi la ghorofa. Hamadi anasema alikuwa kama ng'ombe. Hamadi miwani yake ya zamani.

Nilipofika pahala panaponipendeza nikapiga hodi. Usambara hatukuwa tukiingia msituni bila hodi.

"Na nani ataitikia?" Hamadi akauliza.

"Kitu kikiitikia, mie nitakusukuma mbele, wewe ndiye mwenye Kiingereza kizuri."

Nikachagua mahali. Hapa sitii chumvi, hii kazi naijua: si bondeni, kwa sababu baridi hushuka ikalala bondeni, si karibu na kijito, kwa sababu wanyama nao wanataka maji yao, si pale palipokwisha kuchakazwa na hema la mtu mwengine. Nikalipiga hema kwenye kiinuko kikavu kati ya misunobari miwili. Hamadi alishika kamba bila kubisha, na hilo peke yake lilinilipa safari nzima.

Halafu wakaja visubi, vidudu vidogo kuliko mbu na wanauma kuliko mbu.

Wale Waingereza wanaoogopa baridi ya Scotland, waogope visubi. Wanakuja kama moshi, wanaingia masikioni, puani, ndani ya maneno. Mscotland wangu alinionya, akanitajia dawa ya kupaka. Mimi nilibeba chetezo cha mke wangu na udi wa nyumbani. Nikakiweka juu ya jiwe pana mlangoni mwa hema, nikakikalia macho moto usidondoke, nikaufukiza ule moshi mpaka pembeni. Visubi wakasimama mbali, wakatutazama, wakaenda kutafuta watu wa kawaida.

"Shemeji," Hamadi akasema, "hema linanukia kama chumba cha bi harusi."

"Basi lala upande wako."

Tukala sambusa, tukanywa chai ya chupa. Niliona raha ambayo sijaiona tangu nije nchi hii. Hakuna aliyejua tulipo. Hakuna aliyetuuliza kitu.

Ikaingia alasiri. Hamadi akachukua chupa tupu akasema anashuka kijitoni kutawadha. Pale kwenye hema tulikuwa na maji ya kutosha, lakini Hamadi ni mtu wa haya, hawezi kutawadha mbele ya mtu, hata shemeji yake. Nikamwona akishuka kati ya miti, fulana yake nyeupe ikionekana, haionekani, inaonekana.

Kisha ukungu.

Haukuja kama ukungu wa London unaokuaga kabla haujafika. Ulianguka. Niliinama kufunga zipu ya hema, nilipoinuka misunobari ile miwili niliyofungia kamba ilikuwa haipo. Nikanyoosha mkono nikaona mwisho wake kwenye kiwiko.

Nikangoja. Kijito hakikuwa mbali, tulikuwa tunakisikia. Nikangoja tena, nikaanza kumwita. Hamadi. Hamadi we. Safari moja nikasikia kama ameitika, lakini upande wa juu, ambako kuna majabali na mtelemko. Nikaita, sauti ikatoka kushoto. Nikaita tena, ikatoka mbali zaidi.

Alikuwa anakwenda, tena anakwenda kusiko.

Nakuandikia wewe, sitamwambia mtu kwa mdomo: niliogopa. Simu haikuwa na mtandao. Nikimfuata, tunapotea wawili na hema linabaki peke yake. Nikikaa, jua likichwa baridi ya juu kule haina mchezo, naye yuko na fulana na viatu vilivyolowa. Na mimi ndiye niliyemleta, kwa domo langu. Nikauona ule upawa ukiwekwa chini.

Sijui nani alinikumbusha. Wakati wa alasiri ulikuwa umeingia na adhana haijatoka. Basi nikasimama mlangoni mwa hema, nikatia vidole masikioni, nikaadhini.

Hapa lazima niseme, na wewe unijue. Nilipokuwa kijana Wete ndiye mie niliyekuwa naadhini msikiti wa mtaani kwetu, kabla hatujapata kipaza sauti. Watu wa ng'ambo ya bonde walikuwa wakifuturu kwa sauti yangu. Kwa kinyozi hilo nalo hulicheka. Na kweli, London hawajanisikia, kwa sababu nyumba zetu hizi kuta zake karatasi. Miaka yote hii adhana yangu kubwa ilikuwa ile niliyomnong'oneza Salma sikioni siku aliyozaliwa.

Siku ile niliifungua. Niliitoa kutoka chini ya miguu. Nikavuta kila neno mpaka pumzi ikaisha, nikageuza uso kulia, nikageuza kushoto kama nilivyofundishwa, na msitu ule ambao labda haujaisikia tangu uumbwe ukanyamaza wote. Nikamaliza. Kimya. Nikaanza upya. Sikumbuki nilirudia mara ngapi, najua koo liliniuma na sikuacha.

Nilikuwa katikati ya hayya ala swala nilipoona weupe kwenye ukungu. Ile fulana. Hamadi akatokea mikono mbele kama mtu anayetafuta swichi gizani, suruali imelowa mpaka magotini, mkononi bado ana ile chupa.

Akanishika bega. Sikukatisha. Nikaimalizia, kwa sababu adhana haiachwi katikati, kisha nikakaa chini.

"Nilikusikia ukiniita," akasema alipopata pumzi. "Lakini jina langu fupi, shemeji. Nikigeuka limeshakwisha, sijui limetoka wapi, nikawa nalifuata kila linakojibu jabali. Adhana ndefu. Nilikuwa na nafasi ya kuelekeza uso, nikaweka mguu, nikaweka mwengine. Ulipokuwa ukivuta, mimi nikitembea. Ulipokuwa ukipumua, mimi nikisimama."

Halafu akaniambia kwamba pale aliposikia adhana ya kwanza alikuwa ameshika jiwe la mwisho. Mbele yake hakukuwa na kitu, upepo tu unatoka chini.

Tukaswali. Dira ya begi langu ilitupa kibla, Hamadi akawa imamu, na sijda yake ya mwisho ilikuwa ndefu mno. Sikumharakisha. Nilimvisha sweta yangu na soksi zangu, zisizopigwa pasi, akazivaa. Tukalala kama mawe.

Asubuhi jua lilikuwa limetoka kana kwamba si lenyewe lililotukimbia. Tukang'oa hema, tukafunga kila kitu hadi majivu ya udi, tukainua kuvumwani iliyolala chini ya mgongo wetu. Nilipogeuka kutazama, wallahi, hapakuwa na dalili kwamba watu walilala pale. Tukashuka.

Mke wangu alimpokea mlangoni Jumapili usiku. Alimzunguka kama anayekagua gari ya kununua, akamgusa mikono, akamgusa shingo, kisha akasema, "Umekonda." Akaenda kupakua wali. Mimi nilipakuliwa kwanza. Aliyeoa ataelewa uzito wa jambo hilo.

Sasa leo.

Leo nilikuwa ofu, nikapita kwa kinyozi na Hamadi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeipanga ile hadithi tangu barabarani, wapi nitasimama, wapi nitashusha sauti. Sikuwahi kufungua mdomo. Hamadi alikaa kwenye kiti, shuka shingoni, akaisimulia yeye. Taratibu, kama anasoma kumbukumbu za mkutano. Kijito, ukungu, lile jiwe la mwisho. Hapana aliyecheka. Kinyozi alizima mashine.

Mmoja akauliza kama inafaa kuadhini zaidi ya mara moja kwa swala moja. Sheikh wetu, aliyekuwa kwenye zamu ya ndevu, akasema wanazuoni wametaja adhana kwa aliyepotea njia nyikani, na yeye haoni ubaya. Hamadi akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa naadhiniwa, na nimeitika."

Kisha akaendelea. Akasema sauti yangu ilisikika maili tatu. Akasema paa wa mlima mzima walisimama kimya wamegeuza masikio. Akasema na ukungu wenyewe ulipasuka katikati ukamfanyia njia.

Wote wakaniangalia mimi, safari hii kwa heshima, wakisubiri niseme ndivyo au sivyo.

Mimi nilikuwapo. Ukungu haukupasuka. Hao paa waliosimama sikuwaona. Maili tatu, kwa miti ile, sidhani.

Lakini Hamadi ni mtu ambaye hajawahi kuongeza wala kupunguza, London nzima inajua. Mimi nani hata nimpinge?