Kilo Zilizozidi

Morogoro, 4 Februari 2025

Mwanangu Tusajigwe,

Mugonile hapo Ipyana? Mimi sijambo, kikohozi kimeisha. Baba yako aniambia unazidi kuwa mkimya. Basi ndiyo maana kazi hii nimekupa wewe na si wale binamu zako wenye kelele.

Hao nguruwe wanane alioleta Dulla, dereva wetu, ni wa utafiti wetu hapa chuoni. Tutawalaza kwa dawa ya usingizi, tupitishe mpira wenye kamera mdomoni hadi kwenye mrija wa nyongo, kisha tuuunguze kidogo kwa waya wa moto ili ubane. Baadaye tunaweka kijimrija cha kuupanua, tuone kama kinakaa. Kikikaa kwa nguruwe, siku moja kitamfaa mtu.

Sharti ni moja. Dulla akija kuwachukua katikati ya Mei, wawe kati ya kilo thelathini na thelathini na tano. Wakizidi, mrija unakuwa mpana, hawatufai. Makopo mawili ya pumba kwa siku kila mmoja, basi. Niandikie kwenye karatasi, maana simu yangu nikiwa maabara naizima.

Mama yako angejivunia kukuona ukishika kazi ya sayansi.

Baba yako mdogo,
Sylvester


Ipyana, 13 Aprili 2025

Baba mdogo, shikamoo.

Sisi wazima. Mvua imepiga sana, mpunga umelala upande wa mtoni. Nguruwe hawajambo, wanakula. Nawapima kwa kamba kifuani kama Dulla alivyonionyesha. Wako kama kilo ishirini na tano.

Mwanao,
Tusajigwe


Ipyana, 21 Mei 2025

Baba mdogo, shikamoo.

Najua Dulla amekwisha kukuambia. Alileta mizani, akampandisha wa kwanza, akacheka. Alipofika kwa wa nne akawa hacheki tena. Mwepesi kuliko wote alikuwa na kilo hamsini na sita. Akaniuliza, "We binti, ulikuwa unawafugia harusi?" Akaondoka na gari tupu.

Aprili nilikudanganya. Tangu wiki ya kwanza niliwapa pumba bila kopo, maganda ya ndizi, na dagaa wa usipa waliovunjika kutoka Matema ambao mama wa sokoni alikuwa ananipa bure. Nilikuwa naamka mapema kabla ya shule niwaongeze. Sijawahi kumpiga mtu wala kumtukana. Hiki ndicho nilichoweza.

Mwaka jana macho ya Mama yalipogeuka manjano na ngozi ikamwasha hadi anajikuna kwa gunzi, daktari wa Mbeya alisema mrija wa nyongo umebana, unahitaji kijimrija, na kwao hakuna. Baba akasema, mwandikie baba yako mdogo, yeye anakaa na hao wataalamu. Nikakuandikia kwa simu mara tatu. Ya kwanza kwa Kiingereza, ili uone nimesoma. Zote zilionyesha umezisoma. Siku ya kumi na moja ukajibu kwamba uko kwenye majaribio, utapiga. Mama alizikwa siku ya kumi na nne.

Msibani ulisimama ukawaeleza watu ugonjwa huo vizuri sana. Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko nasikia kila neno. Kisha ukaniletea nguruwe niwatunze ili wapate kile Mama alichokikosa. Ukaandika angejivunia.

Sijutii. Nilitaka nawe usubiri kitu halafu kisije.

Tusajigwe


Morogoro, 8 Juni 2025

Tusajigwe,

Barua yako niliichana, nikaiokota tena. Nafasi yetu ya chumba cha upasuaji wamepewa wengine hadi mwakani. Umeharibu kazi ya watu sita kwa sababu yangu mimi mmoja.

Lakini nitakuambia ukweli, maana umeniambia wako. Nilizisoma zote siku ile ile. Mkuu wangu ndiye angeweza kumpatia shemeji nafasi hospitali ya Dar es Salaam. Nilikuwa nimegombana naye, na nikaona aibu kwenda kumpigia magoti kwa ajili ya ndugu. Nikajiambia kesho. Kesho zikawa kumi. Nimemaliza.

Nakuomba jambo moja: kaka asijue. Alinilea, alinisomesha. Tafadhali.

Baba yako mdogo


Ipyana, 27 Juni 2025

Baba mdogo, shikamoo.

Hapa wazima, isipokuwa Baba halali vizuri.

Nilikaa na barua yako siku mbili ndani ya daftari la Biology. Siku ya tatu nikampa Baba. Hakupiga kelele. Alisoma, akaniomba nimsomee tena kwa sauti, na mimi, ambaye darasani sisomi hata nikiitwa, nikamsomea mpaka pale ulipoandika kesho zikawa kumi. Hapo akaniambia inatosha. Akatoka akaenda kufyeka majani kwenye kakao hadi jioni.

Wale wakubwa tumewauza Kyela mjini. Mmoja tumemwacha, ni jike, ana mimba. Nilimwambia Baba tumuuze naye, sitaki kuona tena kitu chako hapa. Akakataa. Alisema kuna mama wa mtu mwingine anayekisubiri kijimrija hicho. Nililia kwa hasira, kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Kwa hiyo mwakani utapata nguruwe wako, watoto wa huyu jike, makopo mawili kwa siku, kilo zako kamili. Sitadanganya. Ila Baba amesema usimtume Dulla. Atawaleta chuoni mwenyewe, na amesema uwe hapo mlangoni.

Mwanao,
Tusajigwe