Mkataba wa Kamanda Kefa

Jumatatu, 3 Machi

Nimekimbia tena hadi juu ya kilima cha shule na kurudi. Nimeipita rekodi yangu ya Ijumaa. Miguu inatetemeka ninapoandika, lakini moyo uko juu. Kisha kuchuma chai na baba, kisha kituo cha chai cha Nyaramba kupima majani, kisha push-up hamsini nyuma ya mizani. Akina mama wa Nyaramba walinicheka: "Kamanda amefika!" Wacheke tu. Wiki mbili zimebaki. Jumatatu tarehe 17 gari linatuchukua Kisii mjini, kisha Nairobi, kisha ndege. Sijawahi kupanda ndege. Mimi!

Jumatano, 5 Machi

Nimesaini!

Ajenti ni kijana mpole, shati jeupe, ofisi juu ya duka la viatu mjini. Kampuni yake inapeleka walinzi nchi za mbali. Serikali ya huko ina vita na haina askari wa kutosha, hivyo inakodi. Kazi ni kulinda madaraja, maghala na wakubwa. Jeshi la hapa kwetu lilinikataa mara tatu, mara ya mwisho kwa sababu ya meno mawili niliyong'oa. Huyu hata mdomo hakunifungua. Alitazama mabega, akasema niko sawa kabisa. Nilitamani kumkumbatia.

Mkataba ni kurasa kumi na moja, Kiingereza cha mawakili. Nilizipitia zote nikitafuta neno moja tu, Sabato. Halikuwepo. Nikamwambia sisaini. Akacheka, akachukua kalamu, akaandika pembeni: Jumamosi mapumziko. Akagonga muhuri. Basi, nikasaini. Nyakundi, rafiki yangu niliyetahiriwa naye siku moja, alikwenda na kampuni hii hii mwaka jana, na sidhani aliuliza hata hilo. Wembe ni mimi.

Nimenunua buti. Nyeusi. Zinabana kidogo. Sijali.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika jua likishazama, Sabato imekwisha.

Leo walinisimamisha mbele ya kanisa. Mzee wa kanisa alisoma yale maneno ya pembeni kwa sauti na watu wakaitikia amina. Kemunto wa kwaya alinitazama wimbo mzima. Wimbo mzima!

Baba peke yake hakuitikia. Njiani akaniuliza, "Na hao mtapigana nao, wao pia watapumzika Sabato?" Akaongeza, "Hiyo jeshi ni ya nani?" Nikasema ni ya kampuni. "Kampuni iko na nchi?" Nikamwambia, "Tata, dunia imebadilika." Ananiharibia siku. Nimekasirika.

Jumatatu, 10 Machi

Chanjo. Mkono umevimba. Mama ananilisha kama alivyonilisha nilipokuwa nauguza tohara: uji, ndizi, kuku, uji tena. Siku saba zimebaki!

Jumatano, 12 Machi

Aibu tupu. Baba alivaa koti la harusi akaenda kwa chifu kuuliza juu ya safari yangu. Chifu akasema serikali yetu haina habari nayo. Hakutosheka. Akashuka hadi Kisii kwa ajenti, akauliza mtu akiumia nani atamfuata. Ajenti akasema kampuni ina utaratibu wake. Baba akauliza utaratibu huo uko ukurasa wa ngapi. Mzee ambaye hasomi Kiingereza! Akaonyeshwa mlango.

Soko zima linajua. Nimemwambia baba kwamba anataka nifie kwenye majani chai kama yeye. Nimemwambia hivyo, baba yangu mzazi. Najuta kidogo. Kidogo tu.

Ijumaa, 14 Machi

Nyakundi amepiga simu! Miezi mitatu kimya, halafu sauti yake. Nilipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni na mwiko. Nikamwambia Jumatatu naondoka, tutaonana huko. Hakucheka. Akaanza kuongea haraka haraka, chini chini. Naandika yote kabla sijasahau.

Serikali iliyowakodi ilichelewa kulipa kampuni. Kampuni ikawaambia wafungashe. Wakatoka kwenye mji waliokuwa wakiulinda, mchana kweupe, watu wakiwatazama. Mama aliyekuwa akiwauzia chai akawauliza sasa nani atabaki kuwalinda. Serikali haikuwa na askari wake wa kuleta. Iliacha kuwafundisha tangu ilipozoea wa kukodi. Adui akaingia siku hiyo hiyo. Haikupita muda kampuni ikapata tajiri mpya: adui yule yule.

"Ile daraja tulikuwa tunalinda, Kefa, sasa tunaambiwa tulipue. Mimi nimekataa. Wamechukua pasipoti yangu."

Nikamuuliza sasa uko upande gani.

"Hata sijui. Wewe usikuje."

Simu ikakatika. Nimepiga mara kumi. Haiingii.

Jumapili, 16 Machi

Nimempigia ajenti. Anasema Nyakundi ni mlevi na mwoga. Nyakundi! Mtu ambaye hata soda humaliza nusu. Hapo nikajua ananidanganya.

Nimeusoma mkataba upya, safari hii nikitafuta jina la nchi. Halimo. Kuna "mteja" tu. Ukurasa wa pili unasema mteja anaweza kubadilishwa wakati wowote bila mwajiriwa kuarifiwa. Ukurasa wa pili! Niliupita mbio nikiitafuta Jumamosi yangu. Mjinga mimi. Na kanisa zima likasema amina.

Nimevaa buti, nikavua, nikavaa tena. Bado nataka kwenda. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Jioni nilimweleza baba kila kitu. Nilingoja aseme nilikuambia. Hakusema. Alimtaja yule mama wa chai na mji wake, kisha akasema, "Ukiandika mtu wa kukulindia mlango na wewe mwenyewe huwezi, siku hiyo mlango ni wake."

Jumatatu, 17 Machi

Sikupanda. Lakini nilikwenda!

Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka la viatu, vijana kumi na mmoja ndani, mabegi juu. Nikapanda ngazi ya mlangoni na mkataba mkononi, nikapaza sauti kuliko wauza ndizi wote wa Kisii. Someni ukurasa wa pili! Ajenti akanivuta shati. Kifungo kikaruka. Nikasoma hivyo hivyo, Kiingereza kisha Ekegusii, nikawaambia ya Nyakundi na lile daraja. Watu wakajaa. Mmoja akanitukana, akasema nimeogopa na sasa naona wivu. Nimeogopa, ndiyo. Na wivu upo pia.

Watatu walishuka. Wanane wakaenda. Watatu! Halafu nawakumbuka wale wanane, nakosa raha kabisa.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua tangu asubuhi. Hatukuchuma.

Mama yake Nyakundi alikuja. Alikaa jikoni na mama kwa muda, kisha akaniita, akatoa karatasi kwenye mfuko wa nailoni. Mkataba wa mwanawe. Hajasikia sauti yake tangu mwaka uanze. Mimi ndiye wa mwisho kuisikia. Amekwenda kwa ajenti akakuta pamefungwa. Anataka nimwandikie barua, ila hajui iende kwa serikali gani. Yetu imemwambia si askari wake.

Nikamsomea ukurasa baada ya ukurasa, nikimweleza kwa Ekegusii. Kampuni. Sanduku la posta kwenye kisiwa nisichokijua. Mteja. Mwajiriwa. Nilipofika mwisho nikamwambia hakuna serikali iliyotajwa humu.

Akatikisa kichwa polepole. Hakulia.

"Labda umeruka mahali, mwanangu. Angalia tena."

Baba akafungua mlango ili mwanga uingie. Nikarudi ukurasa wa kwanza, nikaanza kusoma.