Mwanangu Hanitaki Karakanani Kwake

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini pole sitaki, nimeshapewa za kutosha na mke wangu na zote zilikuwa za kejeli. Mimi ni mzee wa miaka sitini na saba, shule niliiacha darasa la nne baada ya mimi na mwalimu wa hesabu kuchokana, nikaendesha lori la samaki wa barafu mpaka goti likagoma, na mwaka jana nikajiandikisha chuo cha ufundi kusomea majokofu, maana miaka yote hiyo jokofu limeunguruma mgongoni kwangu na sikujua linalalamikia nini. Wenzangu darasani wananiita Babu Friji na mimi nawaita wajukuu, wao wananisomea maandishi madogo na mimi nawafundisha kumdanganya mwalimu kwa adabu.

Sasa ili tupate cheti lazima kila mmoja akafanye mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni, na mwalimu anayetutafutia nafasi, binti mpole ambaye simu haimtoki sikioni, amepiga nusu ya mji, vijana wote wamepata, ila mimi wakisikia umri wanamuuliza, "Mwalimu, unatuletea mwanafunzi au mgonjwa?" Mwisho mwenye kampuni moja ya viyoyozi akacheka, akasema mlete, na mimi nikanyamaza kimya, kwa sababu nilijua wasichokijua wao: msimamizi wa karakana ile ni mwanangu wa kwanza.

Siku ya kuanza nikaingia na ovaroli yangu imepigwa pasi. Mwanangu alikuwa anawagawia mafundi kazi, aliponiona akadhani nimeleta habari ya msiba. Nikampa barua ya chuo, akaisoma, akaniambia kwa sauti ya kiofisi, "Mzee, utashika tochi. Bomba usiguse." Mshauri, ulimi wangu haujastaafu. Nikamjibu, "Nilikufunga nepi wewe, leo unanizuia kufunga bomba?" Mafundi walicheka mpaka mmoja akaangusha spana, na siku nzima kila alipomtuma mtu anajibiwa, "Sawa, Nepi."

Jioni akanivuta stoo. "Baba, rudi nyumbani. Nitakusainia miezi yote miwili, cheti utapata, hakuna atakayejua."

"Friji litajua," nikamwambia.

"Basi kesho usije. Nitamwambia mwalimu nafasi imejaa."

Akamwambia kweli, na mwalimu anasema kampuni nyingine hakuna, nikiikosa hii narudia mwaka. Mke wangu anasema, "Chukua hiyo sahihi, cheti chenyewe utakitundika wapi, kaburini?" Mimi sahihi ya huruma siitaki, na mwaka wa kurudia goti langu halina. Nataka kurudi pale pale. Nifanyeje?

Babu Friji

Babu Friji,

Pole umesema hutaki, sikupi. Sahihi ya stoo umefanya vizuri kuikataa, na mkeo mwambie nimemsikia na sikubaliani naye. Siku utakayofungua friji la duka la dawa, sahihi ya mwanao haitakuonyesha gesi inavujia wapi. Na nafasi ni yako. Aliyekukubali ni mwenye kampuni, msimamizi hawezi kuijaza hewa kwa sababu tu mwanafunzi ana mvi na wamefanana pua.

Kusifiana kumeishia hapo. Barua yako yote ni malalamiko, isipokuwa ile sehemu ya nepi, hiyo umeiandika unacheka. Mwanao anaongoza mafundi, na heshima ile hakuirithi kwako, aliitafuta mwenyewe. Wewe umemvua mbele ya watu asubuhi ya kwanza, kisha unauliza kwa nini hakutaki. Uzee wako haumsumbui, mzee wangu. Anaogopa mdomo wako. Na hiyo tochi, wajukuu zako wa darasani wanaishika huko walipo, na hakuna aliyemtajia bosi wake nepi.

Sasa sikiliza. Kesho mchukue mwalimu wako, nendeni kwa mwenye kampuni, mwambie wazi kwamba msimamizi ni mwanao. Kuficha hilo kulikuwa kosa lako. Omba uwekwe chini ya fundi mwingine, na kama hayupo, kaa chini ya mwanao. Ukiingia karakanani, kabla hujagusa kitu, wakiwapo wale wale waliocheka, muombe radhi na umwite msimamizi. Atakayemwita Nepi, mnyamazishe wewe. Jioni nyumbani kwako ni mtoto wako, mtanie mpaka chakula kipoe.

Na wewe msimamizi, najua utasoma, maana mafundi wako watakubandikia ukurasa huu ukutani. Sahihi ya kazi isiyofanyika ni uongo, hata akipewa baba mzazi. Mpe kazi, mkague kama unavyowakagua wengine, akishindwa mfelishe.

Mzee, siku mwanao atakapokuambia mbele ya wote kwamba bomba umelifunga vibaya, lifungue, umwambie, "Nionyeshe tena." Kama maneno hayo mawili hayatoki, baki nyumbani, kwa sababu hukwenda kujifunza friji, ulikwenda kumsumbua mtoto wa watu kazini. Yakitoka, vaa ovaroli uende, na asiyependa kuona mvi karakanani azoee.